Mechi ya mwisho, bote bawili balisha toka: mutu anaweza kuiachilia tu?

Manete_ya_Katuba

Bandugu jambo, muko aje. Naomba mawazo yenu ju apa kwetu batu banagawanyika na shampiona ingine iko karibu.

Tuko na sale ya michezo apa Lubumbashi, ku Katuba, na kila mwisho wa mwezi tunafanyaka shampiona ya mupira ku PlayStation, batu 16, makundi 4 ya batu 4, bawili ba kwanza ba kila kundi banaendelea. Kila muchezaji analipa falanga 5000, mwenye kuangalia analipa 500, mushindi anabeba sehemu kubwa, wa pili anapata kidogo, bengine bote banarudia ku nyumba na njaa yabo. Mi njo niko naandika matokeo ku tablo na kuita batu kama zamu yabo inafika.

Sasa mara ya mwisho, mu kundi moja, bawili balishinda mechi zabo zote mbili za kwanza na bawili balipoteza zote mbili. Mbele ya mechi ya tatu kila kitu kilikuwa kimesha kuisha, ba kuendelea banajulikana, ba kutoka banajulikana. Lakini bale ba kutoka si batu ba kuokota mu njia: mumoja ni wa Katuba apa, mwengine wa komini Kenya, apa apa Lubumbashi, balisha kukutana ku fainali na batu banapendaka kubaona bakipambana. Sale ilijaa, batoto bakasimama juu ya makreti ya bia ju ya kuona ekra.

Goli ya kwanza ikaingia mapema kabisa, wa Kenya anaongoza. Wa Katuba akaweka manete (kile kifaa cha kuchezea na mikono) juu ya magoti, akatosha telefone. Tangu apo kila mara mwenzake anakuja na mupira yeye anafinya triangle na kidole kimoja, golkipa anatoka mbio mupaka inje ya eneo, lango inabaki wazi, na akiupata mupira anamurudishia. Ata kuangalia haangalie. 7-0 mbele ya mapumziko! Kipindi ya pili ule wa Kenya naye akachoka kufunga, akapigisha tu mupira kati ya mabeki bake mupaka filimbi, batu banapiga miluzi, bengine banaomba 500 yabo irudishwe.

Mwenye sale anataka kumufungia mashindano mawili. Yeye anasema "nililipa 5000 yangu, nilisha toka, mechi ni yangu, naicheza vile nataka". Mi mwenyewe niko katikati. Munasema nini?

YayaKamalondo

Mudogo yangu, hii kesi ilisha tokea, tena ku batu bakubwa kabisa, si ku sale ya mutaa.

Mwezi wa 12 mwaka 2011, Seoul, mashindano ya StarCraft II, ule muchezo wa vita ku ordinateri, yenye baliita Blizzard Cup. Mu kundi moja kulikuwa Naniwa, kijana wa Sweden mwenye mwezi mbele yake alimaliza wa pili ku mashindano ya MLG Providence kule Marekani, na kulikuwa NesTea, Mukorea mwenye alisha beba ubingwa wa GSL, ile ligi kubwa ya StarCraft II kule Korea, mara 3. Batu balingojea ile mechi yabo kuliko mechi zingine. Sasa kufika siku yenyewe, bote bawili balisha poteza mechi 3, bote bawili inje, mechi haina kitu tena. Kamili sawa bale benu.

Naniwa alifanya nini? Mechi ikaanza, akakamata bafanyakazi bake, bale ba kuchimba madini, akabatuma bote bende kushambulia. Hakujenga kitu. Bafanyakazi bakakufa, akatoka, mechi ikaisha mbele batu bamalize kukaa vizuri. Ukumbi ukabaki unashangaa, na kule Korea, kwenye muchezaji wa StarCraft alikuwa anaheshimiwa sawa vile sisi tunaheshimu muchezaji wa Mazembe, ilikuwa matusi. GOMTV, benye kutengeneza mashindano, bakamunyanganya nafasi yake ya kuanza mwaka 2012 mu Code S, njo daraja ya juu ya GSL. Kitu yenye alitokea jasho ikaenda ju ya dakika mbili.

Na uangalie vizuri kitu kimoja: kushambulia na bafanyakazi si kosa. Sheria ya muchezo inaruhusu, kuko batu banashindaka nayo kama mwenzake hakujiweka tayari. Kosa ni kwamba kila mutu aliona alituma bale bafanyakazi ili akufe haraka arudie ku hoteli. Vilevile wenu: golkipa kutoka mu lango ni button ya halali. Kutoka mara 7 na telefone mu mukono, ile si button tena.

Mi nasema afungiwe. Shindano moja inatosha, mawili ni hasira ya mwenye sale.

mutoto_wa_Kadutu

Yaya na heshima yote lakini unachanganya bintu mbili bya mbali. Naniwa alikuwa profesheneli, analipwa mushahara na timu, anapandishwa ndege, analazwa hoteli. Huyu wa Katuba NJO ANALIPA. Alitosha 5000 yake mu mufuko, akapoteza mechi mbili, na sasa munamwambia akae apo atumike bure ju ya kufurahisha batu benye balilipa 500, na ile 500 yeye haioni ata moja. Mushahara uko wapi? Mukataba uko wapi? Mutu unamuomba kazi ya profesheneli, mulipe basi sawa profesheneli.

Mi niko Bukavu, apa tunachezaka sana mupira wa telefone na Free Fire, na kila mara kuko makelele sawa haya nauliza swali moja tu: nani alipanga hii mechi? Ju mechi yenye haina kitu haianguke kutoka mbinguni, mutu fulani alikaa akaandika makundi ya batu 4 akajua kabisa kwamba mechi ya tatu inaweza kuwa takataka. Makosa ya yule mwenye kupanga inabebeshwa mutoto mwenye manete.

Munakumbuka kombe ya dunia 1982 kule Spain? Ujerumani ya Magharibi na Austria, mjini Gijón, tarehe 25 mwezi wa 6. Algeria ilisha piga Ujerumani 2-1 mu mechi ya kwanza, na yenyewe ilisha maliza mechi zake zote jana yake, ilipiga Chile 3-2. Sasa hao wawili wakaingia uwanjani wanajua hesabu yote: Ujerumani ikishinda moja ao mbili kwa bure, wote wawili wanapita na Algeria inatoka. Hrubesch akafunga ku dakika ya 10 na baada ya hapo ni kutembeza mupira tu, dakika 80, mutu hata hatoki jasho. Algeria ikalalamika, FIFA ikafanya nini? Haikufungia muchezaji hata mumoja. Ilibadilisha PROGRAMU: tangu 1986 mechi mbili za mwisho za kundi zinachezwa kwa saa ileile moja. Basi. Ugonjwa ulikuwa mu programu, wakatibu programu.

Fimbo_ya_Ruashi

Afungiwe. Telefone mu mukono mu mechi? Afungiwe.

Dada_wa_Kampemba

Mi nashangaa munaongea ju ya mwenye sale, ju ya batu ba kuangalia, ju ya Korea, na hakuna mutu anauliza ule wa Kenya.

Ule naye alilipa 5000. Kwa 5000 yake alipashwa kupata mechi 3, si mechi 2 na nusu saa ya kuonewa huruma. Alipoteza zile mbili za kwanza, sawa, lakini alikuwa na moja ya kujipangusa uso mbele ya batu ba mutaa wake, na mwenzake akamunyima. 7-0 ile haina utamu, munajua vizuri. Mi nachezaka na siku moja balinifanyia vile, msichana pekee mu sale, kijana akaona amesha toka akaanza kuchezesha manete na miguu ju ya kuchekesha rafiki zake. Nilishinda, na nilirudia ku nyumba na hasira kuliko siku yenye nilipigwa 5-1.

Kwa hiyo ile neno yake "mechi ni yangu" haina ukweli. Nusu ni yake. Ile nusu ingine hakuinunua.

Na kama alichoka, kulikuwa njia ya heshima: kusimama, kumupa mwenzake mukono, kumwambia muamuzi "mi naachia apa, muandike forfe". Inachukua sekunde 10. Hakuna mutu angemukasirikia, batu bangezomea kidogo bakanyamaza. Kuachia wazi ni kitu kimoja. Kubaki apo unafanya mwenzako mupumbavu ni kitu kingine.

@mutoto_wa_Kadutu ule wa Kenya naye hakuwa na mushahara lakini alicheza.

mutoto_wa_Kadutu

Dada apo umenikamata kidogo, ile ya kununua nusu siwezi kuikana. Lakini bado nabaki ku mupango. Wa Kenya alicheza, ndiyo, na kipindi ya pili naye akaacha kucheza, akapigisha mupira ku mabeki. Mutamufungia naye? Mechi ya bure inaharibu bote bawili, hata ule muzuri.

YayaKamalondo

Kadutu, kuacha kufunga mutu mwenye amesha anguka, kwetu inaitwa heshima, usiweke mu kapu moja na ile ingine.

Na Gijón yako nzuri lakini kata hadithi mupaka mwisho. Olimpiki ya London 2012, badminton ya wanawake bawili bawili. Mechi za mwisho za makundi, timu zilisha pita, na kila moja inataka kupoteza ili isikutane na timu fulani mbele. Mutu anaanza muchezo anapiga mu wavu kwa kusudi, mwenzake naye anapiga inje, ukumbi mzima unazomea. Timu 4, moja ya Uchina, mbili za Korea ya Kusini, moja ya Indonesia, bachezaji 8 bote bakatolewa mu mashindano. NA mupango ukabadilishwa pia, kufika Rio 2016 benye bamaliza ba pili mu makundi banapangiwa upya kwa kura ju mutu asijue mbele atakutana na nani. Unaona? Banaweza kutengeneza programu na kuazibu mutu, vyote viwili. Mi sielewe ju ya nini unataka tuchague kimoja.

Halafu hii maneno ya "mechi haina kitu" mi inaniumizaka ju mi ni mutu wa Lubumbashi. Mwambie mutu wa Lupopo kwamba derby na Mazembe haina kitu ju ubingwa umesha julikana, utaona. Ao Kombe ya Afrika 2015, Leopards, timu yetu ya taifa, na Guinea ya Ekweta, mechi ya kutafuta nafasi ya tatu, mechi yenye kila mutu anaitaka ifutwe. 0-0, penalti, tukashinda 4-2 na apa mu muji batu balitoka inje. 2024 vilevile na Afrika Kusini, 0-0 tena, hii mara penalti zikatukatala na batu balilala vibaya. Mechi ya bure, ule wa kulala vibaya anatoka wapi?

Fundi_wa_Ekra

Naingilia kidogo ju kuko upande mumoja munausahau, na mi niko natengenezaka ma-console mu sale nyingi za apa, naona bintu.

Kubeti. Sale nyingi sasa, batu ba kuangalia banawekeana makuta pembeni, nani anashinda, goli ngapi, zaidi ya 5 ao chini ya 5. Mechi yenye haina kitu njo mechi rahisi kuliko zote ya kuuza, ju muchezaji akipoteza hapotezi kitu, na mutu akimunongoneza "funga macho nikupe 10 000" ile ni mara mbili ya makuta yake ya kuingia. Sisemi huyu wa Katuba alifanya vile, pengine alikuwa na hasira tu. Lakini siku 7-0 ya vile inaingia ku tablo bila azabu, siku ingine itakuwa 7-0 ya kununuliwa na hautaweza kutofautisha, zote mbili zinaonekana sawa, mutu na telefone yake.

Mu Dota 2, muchezo wa timu ku ordinateri, kuko Murusi anaitwa Solo, mwaka 2013 alikuwa mu timu ya RoX.KIS, aliweka dola 100 kwamba timu yake YEYE itapoteza, mu mashindano ya StarLadder. Ikapoteza. Akapata dola 322, bakamukamata, bakamufungia. Kijana alirudi baadaye akacheza muda murefu na timu kubwa, lakini mupaka leo mu Dota mutu akicheza vibaya kupita kiasi bengine banaandika tu "322". Dola 322, na jina lake likabaki apo. Fikiria.

Kwa hiyo mwenye sale asiangalie tu hasira ya batu ba 500. Aangalie nani alikuwa na kikaratasi mu mufuko.

Manete_ya_Katuba

Aksanti sana bote, kweli mumenisaidia, tena @Dada_wa_Kampemba ile ya nusu nilimusomea mwenye sale na alinyamaza kwanza, na yeye hanyamazake.

@Fundi_wa_Ekra niliuliza uliza ju ya kubeti, sikupata kitu, kulikuwa vijana banawekeana soda tu. Lakini nimeelewa.

Tulikaa jana mangaribi, mwenye sale, mi, na bachezaji bengine, ata wa Kenya alikuja. Wa Katuba hakukuja lakini alituma ujumbe anasema atakubali kitu yote isipokuwa kuomba samahani mbele ya batu (kichwa ngumu, lakini njo vile alivyo). Wa Kenya tulimuuliza anataka nini, akajibu hataki afungiwe, anataka mechi yake. Basi. "Nataka mechi yangu." Kwa hiyo azabu ni hii: mbele ya shampiona ya mwezi hii bale bawili banacheza ile mechi upya, nusu saa mbele ya batu bote, na bachezaji bote bawili banapata sehemu ya makuta ya mulango ya ile nusu saa. Kadutu, ile ya kulipa ilitoka kwako usiseme hatukusikie. Akikataa kucheza, apo sasa anafungiwa moja, sawa vile Yaya alisema.

Na mupango tunabadilisha. Bale batu 8 benye banatoka mu makundi hawarudi ku nyumba tena, banaingia mu mutoano yabo ya pembeni, na mushindi wake haingii bure mu shampiona yenye inafuata, hapana, analipa nusu. Mwenye sale alikatala bure kabisa, tulimusukuma mupaka nusu. Vilevile mechi mbili za mwisho za kila kundi zinachezwa kwa saa ileile moja, ekra mbili, mutu asikae anapiga hesabu ya mwenzake. Forfe ya kusema wazi ni 3-0, na ile 3-0 haingii mu gol-averaji (hesabu ya magoli ya kufunga na kufungwa), ju tusije tukaona mutu mwengine anapanda ju rafiki yake alimuachilia. Mwenye anabaki kucheza na hataki kucheza, muamuzi anamuonya mara moja, ya pili anamutosha.

Kile hatukukielewana ni muamuzi ataonaje kama mutu hataki ao hajui tu. Kuko kijana mumoja wa hapa golkipa wake anatokaka mu lango kila mechi, na yeye anacheza na moyo yake yote.

YayaKamalondo

Telefone mu mukono ni dalili ya kwanza. Ingine mutazijifunza. Hata kule Korea haikuandikwa mu sheria, baliona tu.

mutoto_wa_Kadutu

Mupango muzuri, hapo sina neno. Swali la mwisho: munasema ekra mbili saa moja. Muko na umeme wa ekra mbili? Ju huku kwetu ikikatika mu dakika ya 80 makelele inaanza upya, huyu alikuwa anaongoza, huyu alikuwa anakuja.

Manete_ya_Katuba

Tuko na jenereta. Mafuta njo kitu ingine, tutachanga.

Fundi_wa_Ekra

Mbele ya mafuta mutengeneze manete ya ekra ya pili, ile nyeusi, button yake ya R1, ile ya kukimbia, inakwama tangu mwaka jana na mulinitumia ujumbe mutakuja jumatatu. Mutu atakimbia polepole na mutamuonya bure.